Kitabu cha Thompson juu ya maandishi ya Wamaya: kalenda aliiweza, sauti ilimshinda

Nimekipata katika duka la vitabu vya mkono wa pili hapa London, kwa pauni 25. Ni Maya Hieroglyphic Writing cha J. Eric S. Thompson, toleo la University of Oklahoma Press. Jalada limechakaa pembeni, mshono bado imara, na aliyekuwa nacho kabla yangu hakuchorachora ndani. Ni kikubwa na kizito. Kinataka meza, taa nzuri na karatasi ya kuandikia.

Thompson, mzaliwa wa London, alikuwa mwanaakiolojia wa Taasisi ya Carnegie ya Washington. Kitabu hiki kilipotoka mwaka 1950 kilimfanya kuwa mwamuzi wa kila jambo lililohusu maandishi ya Wamaya, wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati. Leo wengi humtaja kwa lawama tu, kwamba alichelewesha usomaji wa maandishi yale. Lawama hiyo ina haki yake, nami nitaieleza, lakini anayeirudia bila kukifungua kitabu hajui anachokosa.

Anakosa kalenda. Wamaya walihesabu siku kwa mafungu: kini ni siku 1, winali siku 20, tuni 360, katuni 7,200, baktuni 144,000, wakianzia siku ambayo kwa kalenda yetu inaangukia Agosti, mwaka 3114 KK. Thompson anakupitisha alama baada ya alama, hesabu baada ya hesabu, mpaka unaanza kusoma tarehe ya kwenye jiwe wewe mwenyewe. Ulinganisho wa kalenda hiyo na yetu ambao wataalamu wengi wanautumia mpaka sasa unabeba jina lake pamoja na la Goodman na la Martínez, watafiti wengine wawili. Ni yeye pia aliyetambua zile alama tisa zinazopokezana zamu usiku baada ya usiku, na ile duru ya siku 819. Sura hizi nilizifanyia kazi kwa penseli, nikijumlisha na kutoa. Tarehe yangu ya kwanza ilipolingana na yake, nilisimama nikazunguka chumba kwa furaha.

Tabu inaanza pale tarehe zinapokwisha. Kati ya tarehe moja na nyingine mawe yamejaa alama, na Thompson alitaka alama hizo zizungumzie wakati, nyota na miungu peke yake. Kwake, alama ilikuwa hasa wazo, fumbo la makuhani. Sauti ilikuwa na nafasi ndogo sana, na habari za watu wa kawaida, hata za wafalme, hazikuwa na nafasi kabisa.

Mwaka 1952 Yuri Knorozov, mtafiti wa Kisovieti, akiwa Leningrad, alichapisha makala iliyokwenda kinyume na hayo. Alirudi kwenye orodha ya alama na sauti zake iliyoachwa na Diego de Landa, padri wa Kihispania aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562 na baadaye akawa askofu wa Yucatán, rasi ya Mexico. Landa alidhani anaandikisha herufi moja moja. Knorozov aliona ni silabi. Katika vitabu vya Wamaya vilivyosalia, juu ya picha ya bata mzinga kuna alama mbili, na ya kwanza Landa ameiandika cu, yaani ku. Kwa Kimaya cha Yucatán bata mzinga ni kutz, basi ya pili lazima iwe tzu, irabu ya mwisho ikiandikwa bila kutamkwa. Juu ya picha ya mbwa, tzu hiyohiyo inatangulia, ikifuatwa na alama ambayo Landa ameipa sauti ya l. Tzul, na tzul ni mbwa. Kila ninapoupitia mtiririko huo nausikia kama mlango unaofunguka.

Thompson alimshambulia kwa maandishi mwaka uliofuata, na siasa za Vita Baridi akaziingiza humohumo. Ni kweli kwamba Knorozov alikosea katika maneno mengi, na Thompson akayashika makosa hayo kwa mikono miwili. Lakini njia yenyewe, kwamba alama zinaandika silabi za lugha inayosemwa, aliikataa mpaka alipofariki mwaka 1975.

Hapo ndipo nilipogombana naye zaidi, kwa sababu ya kazi niliyofunzwa na babu yangu Mombasa, ya kusoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati za kale herufi ileile moja huweza kuwa b, p au mb. Alama ya irabu iitwayo kasra huweza kuwa i au e, na ile iitwayo dhuma u au o. Jicho peke yake halikufikishi popote. Unalitamka neno, unalirudia hivi na vile, mpaka ulimi ulitambue. Na ndani ya sanduku moja utenzi wa kumsifu Mtume hulala na barua ya kudai deni. Watu wakishajua kuandika, huandika yote yaliyo moyoni mwao na mfukoni mwao.

Kinachoniuma ni kwamba Thompson lugha alikuwa nayo karibu. Kimaya cha Yucatán alikijua, aliishi na Wamaya wa Belize, na Jacinto Cunil wa huko alikuwa rafiki yake wa dhati. Kitabu kimejaa maneno yao. Tazama anavyoishughulikia alama ya kichwa cha samaki inayokaa karibu na tarehe. Xoc ni jina la samaki mkubwa, jamii ya papa, na xoc pia ni kuhesabu. Basi, anasema, alama hii inakuamuru uhesabu mbele au urudi nyuma. Kazi ya alama aliipatia, kwani kweli inahusika na kwenda mbele au kurudi nyuma katika tarehe. Sauti ndiyo iliyomponyoka. Wasomaji wa leo wanaisoma u-ti, kitenzi cha kutokea. Mwandishi wa Kimaya alikuwa akisimulia tu: kisha likatokea hili.

Yaliyotokea ni nini? Tatiana Proskouriakoff, mtafiti aliyefanya kazi Carnegie hapohapo, alilijibu hilo mwaka 1960. Alipanga tarehe za nguzo za mawe za Piedras Negras, mji wa kale wa Wamaya huko Guatemala, akaona zinaingia katika mafungu, na hakuna fungu linalozidi umri wa mtu mmoja. Zilikuwa tarehe za kuzaliwa na za kutawazwa. Thompson aliusoma ushahidi huo akakiri kwamba mwenzake yuko sahihi, na kwa hilo namheshimu sana.

Kwenye vyombo vya udongo hakuwa na bahati hiyo. Maandishi ya ukingoni mwa vikombe aliyaona kuwa mapambo ya wachoraji wasiojua kusoma. Mwanaakiolojia Michael Coe akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni maneno yanayojirudia kwa mpangilio maalumu. Baadaye David Stuart, mtaalamu wa maandishi haya, akasoma humo ka-ka-wa, yaani kakao, na chungu cha Río Azul, Guatemala, chenye neno hilo kilipopimwa maabara kikakutwa na mabaki ya kakao. Kikombe kilikuwa kinataja kinywaji chake, na mara nyingi mwenye kikombe pia.

Lugha ya Thompson ni nzito, na sura amezipamba kwa nukuu za washairi kuliko inavyohitajika. Mimi kurasa hizo nilizipita haraka.

Kwa anayeanza kabisa, hiki kisiwe kitabu cha kwanza, maana hutajua lipi limesimama na lipi limeanguka. Tafuta kwanza mwongozo wa miaka ya karibuni, ndipo uje kwa Thompson kwa ajili ya kalenda, na usomaji mpya uuandike pembeni kwa penseli. Na ukikiona dukani, anza kukifungua nyuma. Michoro imekusanywa huko mwishoni, na kila ukurasa wa maelezo unakutuma kwake, kwa hiyo hesabu kwanza kama yote ipo kabla hujatoa pesa.