Pasi ya Eurail kwa msafiri wa peke yake: siku saba, nchi nne na jiko la hosteli

Septemba iliyopita nilizunguka Ulaya peke yangu kwa wiki tatu na ushee, nikiwa na begi moja la mgongoni lenye kilo tisa, na nilisafiri kwa pasi ya treni ya Eurail ya siku saba za safari ndani ya mwezi mmoja. Bei yake kwa mtu mzima ilizidi euro 350, fedha ambazo si ndogo kwa mshahara wa Dar es Salaam, na kabla ya kulipa nilisoma tathmini nyingi zilizoandikwa na watu wasiohitaji viza, ambao kwao hoja ilikuwa moja tu, yaani kama tiketi za kukata moja moja zingekuwa rahisi zaidi. Mara nyingi ni kweli kwamba anayekata tiketi mapema na kushika ratiba yake hulipa pungufu. Hata hivyo, mimi naipa pasi hii alama za juu kwa sababu nyingine: iliniwezesha kubadili njia usiku kwa usiku, baada ya kukutana na watu ambao sikuwa najua kwamba nitakutana nao.

Eurail ni ya watu wanaoishi nje ya Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ambaye makazi yake yako Ulaya hununua Interrail, iliyoanza mwaka 1972, na zote mbili hutumika katika nchi 33. Vijana hadi umri wa miaka 27 hulipa bei ya chini kuliko watu wazima. Pasi huwekwa kwenye programu ya simu, na siku unayoamua kusafiri unaiwasha siku hiyo, kisha unapanda treni nyingi utakavyo tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Treni ya usiku inayoondoka kabla ya saa sita usiku huhesabiwa siku ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya hapo. Mkaguzi husoma alama kwenye skrini ya simu na anaweza kuomba pasipoti, kwa hiyo chaji ya simu inageuka kuwa sehemu ya tiketi, na benki ya umeme (power bank) ni lazima.

Siku yangu ya kwanza ilinitoa Amsterdam hadi Köln, na ya pili ilinipitisha kando ya mto Rhine kuelekea Heidelberg. Hapa nina ushauri ambao sikuupata kwa yeyote: programu hukupendekezea kwanza treni ya kasi, ambayo hukatiza mbali na mto, mahandaki juu ya mahandaki. Tafuta treni inayopita Bonn na Koblenz kwenda Mainz, ukae upande wa kushoto. Treni iliposimama Bonn niliwaza redio ya marehemu babu yangu, kwa kuwa idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza kutangaza mwaka 1963, hutangaza kutoka mji huo, na yeye hakukosa taarifa yake ya habari hata siku moja. Baada ya Koblenz bonde linabana, ngome za mawe zinapandana juu ya mashamba ya mizabibu, na reli inakwenda karibu na maji kiasi kwamba unasoma majina ya meli za mizigo.

Kilichofuata ni Wien (Vienna), mji mkuu wa Austria, na huko ndiko pasi ilikolipa gharama yake. Nilikuwa nimelala katika chumba cha wanawake chenye vitanda sita vya deka, kila mmoja na kabati lake, kufuli ukija nalo mwenyewe. Jioni ya pili nilinunua kopo la tui la nazi katika duka la Kiasia, pamoja na makopo mawili ya maharage na kitunguu, na kwenye rafu ya jikoni wanapoacha vyakula wageni wanaoondoka nikapata mchele nusu pakiti. Maharage ya nazi yalipoanza kuchemka, harufu ilimleta binti mmoja wa Korea ya Kusini, akafuata kijana wa Brazil mwenye mkate, na mwisho akaja mwalimu mstaafu wa Poland, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ambaye kwa umri wake nilijikuta namwita Mama, naye hakukataa. Tulikula kwenye sufuria moja kwa vijiko vinne. Walikuwa wanaondoka asubuhi kwenda Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia; mimi nilikuwa nimepanga Budapest. Kabla ya kuosha vyombo nilikuwa nimeshabadilisha safari kwenye simu bila kulipa senti.

Reli ya kusini kutoka Wien hupanda milima ya Semmering, njia iliyokamilishwa mwaka 1854 na ambayo sasa ni urithi wa dunia, ikipita juu ya madaraja ya matao ya mawe ambayo Mama alitutajia moja baada ya jingine kwa sababu alikuwa amefundisha jiografia. Huko Ljubljana tulilala Hostel Celica, iliyokuwa gereza la jeshi na kufunguliwa kama hosteli mwaka 2003, ambamo milango ya vyumba bado ina nondo. Tulikwenda pia ziwa Bled, na hapo sikuwasha pasi: nauli ilikuwa euro chache tu, na kuchoma siku nzima ya pasi kwa mwendo wa saa moja ni hasara.

Sasa upungufu. Ujerumani, Austria na Uholanzi treni nyingi unapanda tu, lakini treni za kasi za Ufaransa (TGV), za Italia na za Hispania, pamoja na zile za kampuni ya Eurostar, zinadai uweke nafasi na ulipie ziada juu ya pasi, na katika baadhi yake nafasi za wenye pasi huisha mapema. Anayetaka Paris, Barcelona na Roma ataishi kwa ratiba, na uhuru ninaousifia hapa hataupata. Huyo ni bora akate tiketi za kawaida. Anayebaki Ujerumani pekee naye asinunue pasi hii, bali aangalie tiketi ya mwezi ya treni za mikoa iitwayo Deutschlandticket, ambayo ni rahisi zaidi sana.

Jambo jingine halihusu pasi, ila msafiri mwenzangu wa Kiafrika lazima alijue. Katika treni moja ya kuvuka mpaka, askari wawili waliingia katika chumba chetu cha behewa, wakawapita wenzangu kwa macho, wakasimama mbele yangu na kuomba hati. Niliumia, na bado naumia ninapoandika. Nilipokuwa nafungua begi, Mama alitoa pasipoti yake bila kuombwa akaishika mbele ya askari, kisha binti wa Korea akatoa yake, kisha kijana wa Brazil. Askari akazikagua zote nne, akashukuru, akaondoka. Tembea na pasipoti yenye viza mwilini, si kwenye begi, na uwe na nakala ya bima ya matibabu, ambayo kwa viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) lazima ifikie euro 30,000, pamoja na karatasi za hosteli. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na unaombea ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mimi nilibadilisha mengi njiani, lakini Ujerumani nilihakikisha imebaki na siku nyingi kama nilivyoandika kwenye fomu. Nunua pasi baada ya kupata viza, maana viza ikikataliwa ada ya viza hairudi, na pasi nayo itakuwa haina kazi.

Kosa langu kubwa lilikuwa idadi ya siku. Siku ya nne ya Ljubljana, binti wa Korea, aliyekuwa ametangulia Budapest, alinitumia ujumbe kwamba kitanda cha juu yake kiko wazi na kwamba amepata duka lenye tui la nazi. Nilikuwa nimebakiwa na siku mbili za pasi, zote za kunirudisha, kupitia München, hadi Amsterdam, ambako ndege ilikuwa inanisubiri. Safari ijayo nitanunua ya siku kumi ndani ya miezi miwili.