Mapambo ya Krismasi: Novemba au mkesha?

Kampala maduka hayasubiri: Novemba haijaisha, taa zinawaka. Anayepamba nyumbani mapema hivyo hufaidi mwezi mzima, na kwenye soko la Kikuubo hanunui kwa kusukumana. Ila awe na mti wa plastiki. Tawi la saipresi, lile la kusimamishwa kwenye debe la mchanga, halivumilii joto la Desemba, hata ukilimwagilia, litapukutika kabla ya sikukuu, na pamba uliyobandika kama theluji (theluji yetu iko Rwenzori tu!) itabaki inaning'inia kwenye vijiti vikavu.

Anayengoja tarehe 24 hupata tawi bichi linalonukia sebule nzima. Kikanisa pia yuko sawa, maana Majilio ni majuma manne ya kungoja Krismasi. Shida ni kwamba siku hiyo wengi wako barabarani kwenda kijijini. Kwa wanaosafiri, mapema ni bora. Kwa wanaobaki, mkesha.

Kushusha? Wengi hushusha Epifania, tarehe 6 Januari. Wakatoliki wengine hungoja Ubatizo wa Bwana, sikukuu inayofuata Epifania. Mimi nashusha tarehe 6, na taa za umeme nazizima kila usiku kabla ya kulala.