Mazoezi ya kukaba kwenye mpira wa kikapu, Jumamosi, Upanga, Dar es Salaam: pesa yangu haikupotea

Mimi ni pointi gadi, yaani yule anayepandisha mpira na kuanzisha mashambulizi, sentimita 170 na ushee, na kwenye mabonanza ya mtaani wapinzani wakishaniona tu wanajua mpira waupeleke wapi. "Mvamie huyo mfupi!" Kwa hiyo niliposikia kuna kocha anayefundisha ulinzi peke yake, mambo ya kufunga hayagusi kabisa, nikamfuata. Ada ni shilingi 10,000 kwa Jumamosi moja, au 35,000 kwa mwezi. Kiwanja ni cha saruji, mazoezi yanaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijachachamaa, na anayechelewa anakimbia mizunguko, awe amekuja na daladala au na gari lake.

Usiende ukitegemea kushika mpira. Sehemu kubwa ya mwanzo ni miguu tu: unaipanua kupita mabega, magoti unayakunja, makalio chini, uzito unaulaza mbele ya nyayo, halafu unakwenda pembeni kwa kujisukuma na mguu wa nyuma. Wengi wetu tunajivuta na mguu wa mbele, ndiyo maana mtu akibadilisha upande tunabaki wima kama nguzo za umeme. Kocha anapita katikati yenu, akiona kichwa kimeanza kupanda anasema "shuka, kaka" kwa sauti ya upole inayoudhi kuliko kelele. Jumapili yake ngazi za nyumbani zinakuwa shughuli.

Kifaa chake kikuu ni taulo. Unalishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, mwenzako anakuja anadunda mpira kwa zigizaga kutoka chini ya ringi hadi mstari wa kati. Mikono ya kudokoa huna, hivyo kifua chako lazima kiwahi mbele yake. Zoezi hili peke yake linarudisha ile elfu kumi. Udokozi ndio unaozaa faulo za kijinga: mtu ukifikisha tano unatoka, na timu ikishamaliza nne ndani ya robo moja ya mchezo, mnakaba kwa hofu kwa sababu kila faulo inayofuata wapinzani wanakwenda kwenye mstari wa mitupo huru. Macho anataka yakae kiunoni kwa mpinzani. Kichwa, mabega na mpira vyote vinaweza kukudanganya, lakini kiuno kikienda kushoto, mwenyewe kaenda kushoto.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba hang'ang'anii mafundisho ya zamani. Shuleni tuliambiwa miguu isipishane kamwe. Yeye anasema isipishane ukiwa bado mbele ya mtu; ukishapitwa bega, geuka ukimbie, umkate mbele, kisha urudi kwenye mkao wako. Na usimfungie njia zote mbili, mpe moja, ile inayoelekea mstari wa pembeni, maana mstari haupitwi chenga. Kuna dada wa timu ya chuo, mfupi kuniliko, aliyemsindikiza jamaa mmoja mrefu namna hiyo mpaka akakanyaga nje na mpira mkononi. Tulicheka, jamaa akataka arudie, akasindikizwa tena.

Sheria nazo anazigusa, tena kwa vitendo. Ukitaka kupewa faulo ya kugongwa, unapaswa uwe umemkabili mpinzani na miguu yote miwili imegusa chini kabla hajakufikia. Kama ana mpira, hata ukitokea ghafla mbele yake ni halali. Kama hana, umwachie nafasi ya kusimama au kugeuka. Nawajua marefa wa mtaani ambao wangefaidika kulipa hiyo ada.

Kuhusu bloku, yaani kuupangua mpira ukiwa unarushwa ringini, wenye ndoto za Hasheem Thabeet watasubiri. Tangu mtoto huyo wa Dar achaguliwe wa pili mwaka 2009 kwenye drafti ya NBA, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kikapu ya Marekani, kila kijana mrefu hapa mjini anataka kupiga mpira hadi jukwaani. Kocha anawafundisha kuruka wima, mikono juu, wasimwangukie mpigaji, basi. Muda zaidi anautumia kwenye kumkimbilia mpiga pointi tatu, yule anayerusha kutoka mbali: unakimbia kwa kasi, ukikaribia unavunja kwa hatua fupifupi, mkono mmoja juu, uzito nyuma kidogo ili asikupite akighairi kupiga.

Kasoro zipo. Watu wamezidi kwa kocha mmoja, na ukiwa nyuma ya foleni unaweza kukosea robo saa nzima bila kuonekana. Kuongea uwanjani, yaani kumwambia mwenzako kuna mtu anamwekea kizuizi kushoto, hakufundishwi vya kutosha. Kumzuia mtu kwa mgongo kabla ya ribaundi, yaani kugombea mpira uliokosa ringi, tulikupitia juujuu, na anayecheza chini ya ringi atatoka na njaa. Kwa magadi na mawinga, yaani wanaocheza mbali na ringi, na hasa wafupi wenzangu, ningesema lipeni mwezi mzima.

Nendeni na viatu vyenye soli isiyolika haraka, saruji ile ina vumbi na ukisukuma vizuri utateleza, kwa hiyo bebeni na kitambaa chenye maji cha kufutia soli. Paa hakuna. Mvua ikinyesha hela hairudi, inahamia Jumamosi inayofuata.