Kompyuta ya mezani inachemka: ununue nini kwanza?

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kuonyesha joto, uipe mashine kazi nzito kwa robo saa huku ukitazama joto la prosesa. Prosesa nyingi za Core za Intel zikifika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi. Kwa prosesa nyingi za Ryzen 7000 za AMD kikomo ni 95. Sasa fungua ubavu wa kesi, yaani sanduku la kompyuta, kazi ikiendelea. Joto likishuka nyuzi kumi hivi, ujue hewa haipiti ndani ya kesi. Lisiposhuka, shida ipo pale kipozeo kinapogusana na prosesa, au kipozeo chenyewe hakitoshi. Muuzaji hatakuuliza ni lipi kati ya hayo. Atakupa kipozeo chenye mataa mengi.

1. Pesti na usafi

Pesti ni ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite. Hii ndiyo ya kwanza, na kwa mashine za mtumba huwa mara nyingi ndiyo ya mwisho pia. Kompyuta iliyokaa miaka ofisini ughaibuni ikaja kuuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, huwa na pesti iliyokauka ikawa ngumu, na vumbi limeganda katikati ya mapezi ya hitisinki, chuma cha kipozeo, kama blanketi. Nunua Arctic MX-4, MX-6 au Noctua NT-H1. Bomba la gramu 4 linatosha mashine kadhaa. Sirinji za kijivu zisizo na jina ziache dukani.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone dogo katikati, funga skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukipuliza vumbi kwa blowa, shikilia mapanga ya feni yasizunguke. Mwenye Ryzen ya soketi ya AM4, ambayo ina miguu chini, awashe mashine dakika chache ipate joto, aizime na kuchomoa waya wa umeme, kisha akizungushe kipozeo taratibu kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu pesti ikiwa imekauka, prosesa inaweza kung'oka nacho na miguu yake kupinda. Kwa Intel yenye kipozeo cha kiwandani, kagua pini nne za plastiki. Moja tu ikiwa haijaingia sawasawa, hitisinki inainuka upande na joto linapanda hata pesti iwe ya bei gani.

2. Feni za kesi

Nunua hizi kama jaribio la ubavu limekupa jibu. Mbili zinatosha: ya mbele inavuta, ya nyuma inatoa. Arctic P12 za milimita 120 ni za bei nafuu na zinafanya kazi. Mataa hayapozi kitu. Upande wenye fremu inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea. Kesi yenye kioo kizima mbele ni mtego, feni zitahangaika kutafuta hewa.

3. Kipozeo cha mnara

Hiki ni cha hewa, kinachosimama wima juu ya prosesa. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, yenye mabomba sita ya joto na feni mbili, ndiyo chaguo langu. Deepcool AK400 inatosha prosesa za kawaida. Zote zina urefu wa milimita 155, kwa hiyo pima kutoka uso wa prosesa hadi ubavu kabla ya kulipa. Noctua NH-D15 ni nzuri sana, ila ni ghali na inafika 165. Ukifunga, bandua nailoni iliyo chini ya kipozeo, wengi huisahau.

4. Kipozeo cha maji

Kina maana kwa prosesa kama i9-14900K, inayoweza kula wati 253. Kwa wengine ni pampu ya kuharibika tu. Na hapa pwani kuna jambo ambalo matangazo hayasemi: maji au hewa, hakuna kinachoshusha joto chini ya lile la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hapo ndipo unapoanzia.

Mwenye Dell OptiPlex au HP ya ofisini aishie namba moja. Plagi za feni zake mara nyingi si za kawaida, na ukibadilisha feni mashine inaweza kulalamika kila inapowaka. Feni ikifa, tafuta ya modeli ile ile, ukilinganisha namba iliyo kwenye lebo yake.