Tiketi Niliyoirudisha na Shilingi 600 Zisizorudi: Uzoefu Wangu

Sina desturi ya kuandika malalamiko. Nimefundisha shule za msingi hapa Lamu mpaka nikastaafu, na mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka mingi huzoea kusamehe makosa. Lakini hili la shilingi 600 limenikaa kooni, na wala halijashuka hata baada ya wanangu kunieleza kwamba pesa hizo siku hizi hazinunui kilo ya nyama.

Kisa chenyewe kilianza baada ya mfungo. Nilikata tiketi mbili za ndege kwenda Nairobi, yangu na ya mamangu, ambaye amepita miaka 80 na ana presha ya macho inayohitaji daktari bingwa. Siku chache kabla ya safari tulipigiwa simu kwamba kliniki imeahirishwa. Nikaenda kwa wakala wa shirika hilo la ndege, ambalo sitalitaja jina kwa sababu mji wetu ni mdogo na tunajuana. Nilikuwa nimesoma masharti, tena kwa miwani, na nilijua kwamba nauli ya tiketi za bei nafuu hairudishwi. Sikuidai. Nilichodai ni ule mstari mdogo ulioandikwa chini ya nauli, yaani ada ya huduma kwa abiria, shilingi 600 kwa kila tiketi, kwa sababu ile si bei ya kiti bali ni ada ya mtu anayesafiri, nasi hatukusafiri.

Kijana aliyekuwa mezani alikuwa ameinamia simu yake. Nilitoa salamu, akaitikia nusu. Nilimweleza haja yangu kwa utaratibu, nikamwekea karatasi mbele yake na kidole juu ya mstari wenyewe, naye akanijibu bila kuitazama: "Mzee, hiyo ni kodi ya serikali. Kaidai serikalini." Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Nilitoka nje nikasimama kibarazani pale kama mtu aliyesahau anakokwenda. Serikalini wapi? Kwa chifu? Kwa kamishna wa kaunti? Nimewafundisha nusu ya watu wanaokaa katika ofisi hizo, na sidhani kwamba kuna hata mmoja anayejua droo ambamo shilingi 600 za mamangu zimelazwa.

Kwa kuwa nina muda na nina hasira, nilikwenda kuisoma sheria yenyewe, Sura ya 475 ya Sheria za Kenya. Inamtoza ada abiria anayeondoka kwa ndege: shilingi 600 kwa safari ya ndani ya nchi na dola 50 kwa safari ya nje. Shirika la ndege huikusanya pamoja na nauli na kuiwasilisha kunakohusika. Sasa, mtu ambaye hakuondoka anatozwa kwa huduma gani? Na ikiwa serikali haimdai mtu aliyelala nyumbani kwake, basi pesa ile imebaki mikononi mwa nani? Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa darasa la sita maswali magumu kuliko hili, wakajibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ada hii ni moja kwa wote. Anayepanda ndege kubwa Nairobi kwenda Mombasa hulipa 600, na anayeondoka kiwanja chetu cha Manda hulipa 600. Yule wa Nairobi ana treni tangu mwaka 2017, ana mabasi ya usiku na mchana, na akitaka ana gari lake. Ndege kwake ni kuokoa muda. Sisi tukiacha ndege tunavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, tunapanda basi na kupita Witu na Garsen, njia ambayo tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 tumeizoea kwa askari wa kusindikiza na dua nyingi. Barabara ilipotiwa lami tulishukuru, na bado tunashukuru, lakini lami haimpunguzii mwanamke wa umri wa mamangu saa za kukaa kwenye kiti na nyonga zinazouma. Halafu hata ndege yenyewe huifikii bure. Kiwanja kiko kisiwa cha pili, kwa hiyo kabla hujalipia huduma ya abiria umekwisha kumlipa nahodha wa boti, na mizigo yako imekwisha kusukumwa kwa mkokoteni. Sikidharau kiwanja chetu. Nakipenda kuliko vile vya Nairobi, ambako mtu hutembea mpaka akachoka kabla hajasafiri. Nasema tu kwamba shilingi 600 za huku na za kule hazina uzito mmoja.

Nilipomweleza mama kwamba sehemu ya ada hiyo huenda katika Mfuko wa Kukuza Utalii, yaani yeye akienda kutibiwa macho huchangia kuwaalika wageni waje kutazama mji wake, alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi waambie hao wageni," akasema, "wakifika waje wanisalimu, nami nimewalipia."

Mpwa wangu, ambaye ni mhasibu, aliniongezea machungu. Kwa hesabu zake, ni kweli kwamba tiketi ya ndani ya nchi imesamehewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, lakini msamaha si sawa na kiwango cha sifuri. Safari za nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha sifuri, na kwa hiyo shirika linaweza kudai kurejeshewa VAT liliyolipa kwenye manunuzi yake. Safari za ndani hazina haki hiyo, na mzigo unaobaki huingizwa kimyakimya ndani ya nauli. Kwa hiyo anayeruka kwenda Dubai amepunguziwa, na anayeruka kutoka Manda amebebeshwa, tena bila mstari wowote kwenye tiketi ambao ningeweza kuuwekea kidole. Aliniambia pia kwamba Waingereza, walioanza kutoza kodi ya abiria wa ndege mwaka 1994, tangu 2001 hawamtozi abiria anayeondokea viwanja vya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti. Visiwa vyao wamevionea huruma. Sikupenda kusikia habari hiyo, kwa sababu ilinionyesha kwamba jambo hili linawezekana.

Nilirudi kwa wakala mara ya pili nikiwa na barua. Safari hii nilimkuta dada mmoja mpole, aliyenipa kiti na kuniita Mwalimu. Aliisoma barua yote, akakubali kwamba nina haki: ada ya tiketi isiyotumika hurudishwa. Nilikwisha kuanza kumwombea heri moyoni alipoendelea kunieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, kwamba shirika hutoza shilingi 1,000 kwa kila tiketi kwa ajili ya kushughulikia marejesho.

"Kwa hiyo mimi nikiwadai 600, nyinyi mtanidai 1,000?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wengi huamua kuacha."

Bila shaka wengi huacha! Na mimi nikaacha. Usiku ule nililipatia shirika nyota moja mtandaoni, nikasikitika kwamba hakuna nusu.

Ningeishia hapo, na pengine ingekuwa bora kwa heshima yangu. Lakini kliniki ilipangwa upya, na ndege ya shirika lile lile ndiyo pekee iliyolingana na saa za daktari. Siku ya safari maji yalikuwa yamekupwa, na ngazi za gati la Manda zilikuwa zimebaki juu, zimejaa utelezi. Mama alizitazama akakataa kushuka botini. Aliyekuja ni yule yule kijana wa simu, ambaye kumbe siku nyingine huhudumu kiwanjani. Alivua viatu, akakunja suruali yake ya kazi, akaingia majini, akasema, "Shikamoo bibi, nishike shingo," akambeba mpaka juu kama anavyobebwa mtoto. Kiwanjani alimtafutia kiti cha kivulini, na tulipoitwa kupanda alimsindikiza hadi ngazi ya ndege, hatua kwa hatua, huku abiria wengine wakisubiri juani. Sidhani kama alinikumbuka. Mama alimwombea dua ndefu ambayo mimi, kwa kweli, niliiitikia amina kwa shida.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri: ndege iliondoka kwa saa yake, na mhudumu aliongea na mama kwa adabu. Kwa hiyo nyota moja niliyotoa si haki, nami naziongeza ziwe tatu. Kwa hayo ya majini pekee ningetoa nne.

Lakini jana nilizikagua tena tiketi zetu za kurudi, na pale chini ya nauli 600 imeandikwa mara mbili, na zile 1,200 za tiketi za kwanza hazijaonekana popote. Nazishusha ziwe mbili. Mama ana kliniki nyingine mwezi ujao, na nimekwisha kukata tiketi kwa shirika hilo hilo. Yule dada mpole alinipa risiti iliyogongwa muhuri, nami nimeiweka katika bahasha moja na zile za zamani.