Kijito cha kudumu na kijito cha msimu: kemia ya maji katika mabonde ya Pemba

Katika mabonde ya Pemba, kijito kinacholishwa na chemchemi mwaka mzima na kile kinachokatika baada ya masika huweza kuanzia kwenye vilima vinavyokaribiana, lakini maji yao hayafanani. Cha kwanza hupokea maji yaliyokaa muda mrefu ardhini, kwa hiyo kiasi cha madini yake hubadilika kidogo tu, isipokuwa mvua kubwa inapoyazimua.

Kijito cha msimu ndicho chenye mambo mengi. Mtiririko unapopungua hubaki madimbwi yaliyotengana. Jua huyavukiza na kuzidisha chumvichumvi, huku majani ya miti yanayooza yakitoa kaboni na kuyapa maji rangi ya chai, na bakteria wanaoyala wakimaliza oksijeni, hata chuma na fosfati (kirutubisho cha mimea chenye fosforasi) vilivyoshikwa na tope vikaachiliwa. Mkondo ukikauka kabisa, hewa hupenya mchangani na nitrati (kirutubisho cha mimea chenye nitrojeni) hujilimbikiza. Ndiyo maana mvua za kwanza za vuli, ambazo wengi hudhani zinasafisha, huteremsha kwa mkupuo kila kilicholimbikizwa hadi kwenye mashamba ya mpunga na mikoko iliyo chini.

Kwa mnywaji, naona kijito cha kudumu kina nafuu, ijapokuwa nacho huchafuka na maji yake yanafaa kuchemshwa. Kwa anayepima, sampuli moja ya kiangazi haitoshi kabisa kwa kijito cha msimu: achote kila dimbwi peke yake, kisha achote tena katika saa za mwanzo za mtiririko mpya.