Kipimo cha utumbo mpana kwa kamera mjini Kampala: huduma nzuri chumbani, pungufu kwenye karatasi

Huduma ninayoitathmini hapa ni kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, pamoja na uondoaji wa polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, katika kitengo cha endoskopi cha hospitali moja ya binafsi mjini Kampala. Nilimsindikiza dada yangu mkubwa, mkazi wa Busia, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiona damu kwenye choo, na kila kituo alichokwenda alipewa dawa ya bawasiri na kurudishwa nyumbani bila mtu yeyote kuutazama utumbo wenyewe. Hospitali siitaji jina, kwa sababu niliyoyaona yanafaa kuulizwa popote kipimo hiki kinapofanyika, na kwa sababu upungufu nitakaoueleza unaweza kurekebishwa bila kununua mtambo hata mmoja.

Kilichopatikana ni polipu moja ya milimita 12 upande wa kushoto wa utumbo mpana, na maabara ikathibitisha kuwa ni adenoma. Adenoma ni uvimbe unaotokana na seli za tezi, na wenyewe bado si saratani. Huweza kuota kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, kwenye tezi za adrenali juu ya figo, kwenye ini na mahali pengine, lakini ile ya utumbo mpana imefanyiwa utafiti mwingi sana kwa kuwa saratani nyingi za utumbo huo huanzia hapo. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha maelezo ya namna kasoro za jeni zinavyojilimbikiza katika seli moja na vizazi vyake. Jeni ya APC, iliyotambuliwa mwaka uliofuata, ndiyo ambayo mara nyingi huharibika mapema, na seli zikaanza kugawanyika pasipo kiasi. Baadaye huharibika jeni nyingine, KRAS, uvimbe ukakua. Na jeni ya TP53 ikishaharibika, mlango wa saratani unakuwa wazi. Mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, na adenoma zilizo nyingi haziufikii mwisho huo kamwe. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuitazama adenoma moja na kusema kwa hakika kama itageuka au haitageuka, busara ni kuiondoa ikiwa bado haina madhara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 na kuongozwa na Sidney Winawer ulifuatilia watu 1,418 walioondolewa adenoma, ukakuta saratani ya utumbo mpana miongoni mwao ilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na ile iliyotarajiwa kutokana na makundi mengine matatu.

Nimeanza na biolojia hiyo kwa sababu ndiyo inayotupa kipimo cha kuitathmini huduma. Viti vya ngozi kwenye ukumbi wa kusubiri havimwambii mgonjwa kama adenoma zake zitaonekana.

Maandalizi ndiyo sehemu niliyoisifu kuliko zote. Muuguzi alimpa dada karatasi ya vyakula, kisha akaipitia naye kwa Kiswahili mstari kwa mstari: aache maharage, njugu, mboga ya nakati na matunda yenye mbegu, ale wali mweupe, mayai na mchuzi mwepesi, na siku ya mwisho vinywaji vya maji maji tu. Dawa ya kusafisha tumbo iligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza jioni na ya pili alfajiri ya siku ya kipimo. Mgawanyo huo wengi huuona usumbufu, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kuwa unasafisha vizuri zaidi kuliko kunywa yote jioni, hasa upande wa kulia wa utumbo ambako polipu bapa hujificha chini ya mabaki. Alfajiri simu ikaita.

"Mama, maji yanayotoka sasa yana rangi gani?" muuguzi aliuliza.

"Ni ya kahawia, lakini hayana vipande."

"Basi bado, mama. Malizia chupa yote, unywe taratibu, mpaka yawe manjano mepesi ya kuona ng'ambo."

Simu hiyo ya dakika mbili ina thamani kubwa, kwa sababu utumbo mchafu humlazimu daktari kukisia, na mgonjwa hulipia kipimo ambacho pengine kitabidi kirudiwe. Kwenye ripoti yake dada alipata alama 8 kati ya 9 za kipimo cha Boston, ambacho hukipa kila kimoja cha vipande vitatu vya utumbo mpana alama 0 hadi 3 kulingana na usafi wake.

Chumbani mwenyewe sikuingia, lakini ripoti ilieleza ya kutosha. Kulikuwa na picha ya mdomo wa kidole tumbo, ambayo ndiyo ushahidi kwamba kamera ilifika mwanzo kabisa wa utumbo mpana na haikuishia njiani. Muda wa kuirudisha kamera ulikuwa dakika 11, bila kuhesabu muda wa kukata polipu. Nambari hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, maana utumbo hukaguliwa hasa wakati kamera inatoka, si inapoingia. Mwaka 2006 Robert Barclay na wenzake walilinganisha madaktari wa kituo kimoja nchini Marekani, wakakuta waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kutoa kamera waligundua vinyama vya aina hii kwa asilimia 28.3 ya watu waliowapima, na waliotumia muda mfupi zaidi kwa asilimia 11.8 tu. Ripoti isiyoandika muda huo humnyima msomaji njia ya kujua kama ukaguzi ulifanyika kwa utulivu au kwa haraka ya foleni.

Polipu ilikuwa na shina, imeinuka kama uyoga, na daktari aliikata kwa waya wa kitanzi, njia ambayo William Wolff na Hiromi Shinya waliianzisha mjini New York mwaka 1969 na ambayo iliwaepusha wagonjwa wengi na upasuaji wa kufungua tumbo. Baadaye nilioneshwa kichupa kidogo chenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, kinyama kikiwa kimetua chini, cha rangi ya waridi iliyopauka. Muuguzi alisoma jina la dada kwa sauti, akalilinganisha na lililo kwenye bangili ya mkononi, akaandika mahali polipu ilipotoka, ndipo akafunga. Dada alielezwa pia dalili za kurudi mara moja: damu nyingi, maumivu makali ya tumbo au homa, kwa kuwa kutoka damu na kutoboka kwa utumbo ni madhara yanayotokea kwa nadra lakini yanayojulikana.

Baada ya hapo ndipo huduma ilipolegea. Majibu ya maabara yalichelewa kuliko tulivyoahidiwa, na yalipokuja yalikuwa sentensi moja: polipu haina saratani. Kwa mtu aliyekaa na wasiwasi, maneno hayo ni faraja, nami sikudharau machozi ya dada alipoyasikia. Lakini kitabibu hayatoshi hata kidogo. Mwanapatholojia, yaani daktari wa maabara anayechunguza kinyama kwa hadubini, anatakiwa aseme kama umbo la adenoma ni la mirija, la vinyweleo, au mchanganyiko wa hayo mawili. Aseme kiwango cha displasia, yaani seli zimepotoka kiasi gani kutoka katika umbo lake la kawaida. Na aseme kama ukingo wa mkato uko salama. Mambo hayo ndiyo yanayotofautisha adenoma ya kusubiriwa kwa miaka mingi na ile ya kufuatiliwa kwa karibu. Tulipoomba kwa maandishi, ripoti kamili ilitolewa: mchanganyiko wa mirija na vinyweleo, displasia ya kiwango cha chini, ukingo salama. Ina maana taarifa ilikuwepo muda wote, ila hakuna aliyeona kuwa mgonjwa anastahili kupewa.

Kosa zito zaidi lilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa karatasi ya kuruhusiwa, ulioagiza arudi "akiona shida". Adenoma haileti shida mpaka iwe kubwa, na wengi hawaoni dalili yoyote. Miongozo ya Marekani na ya Ulaya iliyotolewa mwaka 2020 inakubaliana kuwa mtu aliyeondolewa adenoma ya milimita 10 au zaidi arudiwe kipimo baada ya miaka 3. Kwa adenoma moja au mbili ndogo zisizo na sifa za hatari, Wamarekani wanasema miaka 7 hadi 10. Dada yuko katika kundi la kwanza kwa ukubwa wa polipu peke yake, na kama asingekuwa na mtu wa kuuliza, angesubiri mpaka aone damu tena. Hakuna pia aliyetuuliza habari za ukoo wetu, ingawa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mtu aliyepatikana na adenoma ya aina hii kabla ya miaka 60 wanashauriwa katika miongozo ya Marekani kuanza kupimwa wakiwa na miaka 40. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na nilikuwa nimekaa palepale mbele ya daktari.

Kipeperushi cha lishe tulichopewa nacho kinahitaji kuandikwa upya. Kinadai kwamba kula nyuzinyuzi kwa wingi "kutazuia polipu zisirudi". Dai hili lina historia inayotuhusu Waganda moja kwa moja, kwa kuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago mjini Kampala, ndiye aliyelisambaza duniani wazo kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kinawakinga Waafrika na maradhi ya utumbo mpana. Makala yake mashuhuri kuhusu saratani hiyo ilitoka mwaka 1971. Lilikuwa wazo zito, lililotokana na kuwatazama wagonjwa na chakula chao kwa makini, na ni haki tujivunie kuwa sehemu ya mizizi yake iko hapa. Hata hivyo wazo hupimwa. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa yalichapishwa Marekani kwa pamoja: moja liliwapa watu walioondolewa adenoma chakula chenye mafuta kidogo na mboga, matunda na nyuzinyuzi nyingi, na jingine liliwapa pumba za ngano. Yote mawili hayakuona adenoma zikipungua kurudi. Yanaweza kujibiwa kuwa miaka michache ni mifupi mno kwa uvimbe unaokua polepole hivi, nami naona hoja hiyo ina nguvu. Isitoshe, uchunguzi wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta walaji wa nyuzinyuzi nyingi wana saratani hiyo kwa uchache zaidi. Kwa hiyo dada aendelee na maharage na mboga zake kwa moyo mkunjufu. Asichopaswa kuambiwa ni kwamba mboga hizo zinachukua nafasi ya kipimo cha pili, na kipeperushi kinamwelekeza kuamini hivyo.

Kuhusu dawa, daktari alistahili pongezi. Dada aliuliza kama hakuna vidonge vya kumeza badala ya kurudi kwenye kamera, na daktari, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine mlangoni, alikaa chini na kumweleza. Aspirini imeonyesha katika majaribio kuwa inapunguza kwa kiasi kurudi kwa adenoma, lakini inaweza kuleta vidonda na kutoka damu tumboni. Selekoksibu, dawa ya kutuliza maumivu, ilizipunguza zaidi, ila ikaongeza maradhi ya moyo. Rofekoksibu, dawa ya jamii hiyohiyo, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya hatari hiyohiyo kuonekana katika jaribio la watu waliowahi kuwa na adenoma. Hakumpa kidonge chochote, na sababu zake aliziweka wazi.

Nilimuuliza pia ni wagonjwa wangapi kati ya mia ambao yeye huwakuta na adenoma. Alijibu kwa heshima kwamba kitengo hakihesabu. Utafiti wa Douglas Corley na wenzake wa mwaka 2014, uliotumia vipimo zaidi ya 314,000, ulionyesha kuwa kila kiwango cha daktari cha kugundua adenoma kinapopanda kwa asilimia moja, hatari ya mgonjwa kupata saratani baadaye hushuka kwa asilimia 3. Viwango vya Marekani haviwezi kubandikwa Kampala vilevile, kwa kuwa idadi ya adenoma katika watu wetu si lazima ilingane na ya kwao, lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kitengo kuhesabu zake. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia.

Upande wa gharama, wanaokusudia kwenda wajue kuwa bei ya kwanza ni ya kuingiza kamera tu. Kukata polipu hulipiwa kando, na maabara kando tena, na jambo hilo tuliambiwa dada akiwa tayari amevaa gauni la hospitali. Ulizeni bei zote tatu mnapopanga siku, na mkubaliane mapema nani atafuata majibu ya maabara, kwa kuwa anayetoka Busia au Arua hawezi kupanda basi kila anapoambiwa "njoo kesho". Kwa kipimo chenyewe ningemrudisha dada palepale bila kusita. Tarehe ya kurudi, miaka 3 kutoka siku ya kukatwa polipu, daktari aliiandika na kuigonga muhuri baada ya sisi kuidai, na nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine kwa binti yake.